Ndiyo au Hapana, Dada

3 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya shemeji, mfikishie kabla hajasinzia na redio yake. Mimi sijambo. Chumba kipya kiko ghorofa ya juu kabisa, juu ya duka la miwani. Ngazi zinanikomesha kila jioni, lakini dirisha ni kubwa na maji yanapanda mpaka huku, jambo ambalo kule nilikotoka tulikuwa tunalisikia kwa watu tu.

Nimetii amri. Ulisema tangu sasa hakuna simu kati yetu, na meseji huzitaki kwa sababu hazina salamu, basi nimenunua bahasha. Muuzaji alinitazama kama nimemwomba mafuta ya taa. Posta nayo ina mtu mmoja dirishani na yuko kwenye chai, kwa hiyo usishangae barua ikichelewa.

Kazini nimepewa visanduku. Ngoja nikueleze. Kampuni yetu inatengeneza programu za biashara, na mteja wetu mkubwa ana maghala ya vifaa vya ujenzi: saruji, vigae, mabomba, rangi. Makarani wake wanashinda wakiingiza oda kwenye kompyuta. Sasa, mtu yuko katikati ya kazi, ghafla kinatokea kijisanduku katikati ya skrini, kinamwambia neno au kinamuuliza, na hakimwachi aendelee mpaka abonyeze kitufe. Hivyo ndivyo vyangu. Vya zamani viliandikwa na mtu aliyeacha kazi, na nadhani aliviandika akiwa amenuna. Kimoja kinasema: "Kuna hitilafu. Wasiliana na msimamizi." Msimamizi mwenyewe akikosea anaambiwa hivyo hivyo. Maskini sijui awasiliane na nani.

Bosi amenipa kanuni. Ukimwarifu mtu tu, mpe kitufe kimoja, Sawa. Ukimuuliza, mpe Ndiyo na Hapana, na uwe tayari kwa jibu lolote. Nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka nyumbani. Wewe Jenerali hujawahi kunipa kitufe cha Hapana tangu nizaliwe. "Chiriku, utasoma bweni." Sawa. "Chiriku, nywele unanyoa." Sawa. "Chiriku, hatuongei tena kwenye simu." Sawa, Dada.

Lakini mimi nilikuuliza swali siku ile, na nilikuwa tayari kwa jibu lolote isipokuwa kukatiwa simu. Najua ulinisikia, maana ulikaa kimya muda mrefu kwanza. Sitalirudia hapa, kulisema mara moja tu kulinitoa jasho. Ila wewe ndiye uliyenilea tangu mama atutoke, na hakuna mtu mwingine wa kumuuliza. Nasubiri.

Mdogo wako,
Chiriku


27 Februari

Kwako Chiriku,

Marahaba. Shemeji yako anasema marahaba na anauliza kama huko mjini mnakula au mnabonyeza tu. Hajambo, ila tumegombana. Anadai nafungulia redio kwa nguvu mpaka jirani amekuja kubisha hodi, wakati yeye ndiye aliyeninunulia redio isiyo na sauti. Nimemwambia ahamie kwa jirani.

Kazini kufua kunaendelea. Tumepata hoteli nyingine, kwa hiyo mashuka yanakuja kwa milima, na ya hospitali yako pale pale. Ile mashine kubwa ya kukamulia ikianza kuzunguka, sakafu yote inatetemeka na wasichana wanaongea kwa mikono. Fundi wetu wa mashine, yule Bisibisi, bado hajaoa na bado anajiona mchekeshaji. Juzi alikuja kusimama nyuma yangu, akakaa hapo weee, halafu akaondoka akitikisa kichwa. Nilipomuuliza anatafuta nini akasema hakuna kitu. Mtu mzima hovyo.

Nimesoma habari za visanduku vyako mara mbili. Nina swali. Vikitokea vinapiga mlio, au ni maandishi tu? Maana mashine zetu zikimaliza kufua zinapiga mlio na kuwasha taa nyekundu. Mimi naiamini taa. Mlio ni kitu cha kupita, na mtu anaweza kuwa na shughuli nyingine asiusikie. Hakikisha umeweka na maandishi, makubwa, yasomeke.

Hilo la kunyoa nywele usilitaje tena, ulikuwa na chawa.

Lile swali lako nalifikiria. Mambo mazito hayajibiwi mbiombio. Kula vizuri, na ngazi panda polepole.

Dada yako


15 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, na mwambie shemeji kwamba tunakula, tena leo nimekula mkate na mayai kwa mkono mmoja huku nikibonyeza kwa mwingine.

Swali lako la mlio nimempelekea Bosi, akasema ni swali zuri na kuniuliza dada yangu anafanya kazi gani. Vina mlio na maandishi. Lakini ngoja nikuambie balaa la maandishi: hayasomwi. Wiki iliyopita nilitumwa kwenye ghala kuangalia makarani wanavyofanya kazi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya marundo ya vigae, nikatazama. Karani akifuta oda, kisanduku kinauliza: "Una uhakika unataka kufuta oda hii?" Ndiyo, Hapana. Dada, wanabonyeza Ndiyo kisanduku hakijamaliza hata kutokea. Kidole kinakwenda chenyewe. Nikamuuliza karani mmoja, mama wa makamo ambaye wenzake wanamwita Mama Vigae, kilikuwa kinasema nini kile? Akanijibu bila kugeuka, "Kilikuwa kinasema Ndiyo, mwanangu."

Si mchezo. Kuna shule iliagiza vigae vya sakafu, oda ikafutwa kwa Ndiyo ya namna hiyo, lori halikufika na mafundi wamesimama na miko mkononi. Mwenye maghala amekuja juu. Amemwambia Bosi kwamba likitokea tena anatafuta kampuni nyingine, na Bosi kanitazama mimi. Naweza kumwaga unga, Dada, nasema kweli.

Kwa hiyo naandika kila kisanduku upya. "Una uhakika?" nimeiua, maana kila mtu ana uhakika mpaka aone matokeo. Sasa kinataja ni vigae vya nani na vinakwenda wapi. Kama watasoma, Mungu anajua.

Sasa wewe. Kulifikiria umelifikiria mwezi mzima. Sitaki maelezo marefu, na sitanuna. Ndiyo au hapana, basi. Kuna mtu mwingine naye anasubiri jibu lako, hatuwezi kukaa hivi.

Mdogo wako,
Chiriku


30 Machi

Kwako Chiriku,

Marahaba. Sote wazima, shemeji yako ana mafua. Pole na mambo ya kazini.

Umetaka neno moja. Jibu ni hapana. Nimelala nalo na kuamka nalo, na sibadiliki. Huyo mtu mwingine mwambie hivyo hivyo. Tusilirudie tena, litatugombanisha bure.

Dada yako


2 Juni

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na mafua yake yamekwisha.

Najua nimekaa kimya. Barua yako niliisoma ngazini, nikakaa hapo hapo mpaka mwenye duka la miwani akaniuliza kama nimeteguka mguu. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Jibu lako nimelipokea. Uliniambia tusilirudie, silirudii.

Naandika kwa sababu limenipata jambo ambalo wewe peke yako ungelicheka vizuri, na kuna siku nilishika simu nikuhadithie nikakumbuka amri.

Sisi tunapojaribu kisanduku kipya, tunajaza maneno yoyote kwanza, tuone tu kama kinatokea. Wengine wanaandika "jaribio", wengine wanaandika majina ya wachezaji wa mpira. Juma lile ilipofika barua yako, mimi niliandika yale maneno niliyokuwa nayarudia siku ile kwenye simu mpaka ikakatika: "Dada, unanisikia?" Chini yake Ndiyo na Hapana. Nikajaribu, kikatokea, nikaendelea na kazi. Nilikusudia kuyaondoa. Sikuyaondoa. Programu ikaenda kwenye maghala yote nayo humo humo.

Asubuhi, kila karani aliyetaka kufuta oda akaulizwa na kompyuta, "Dada, unanisikia?"

Simu ya ofisini haikupumua. Mmoja anasema kompyuta ina pepo. Mwingine, mwanamume mwenye ndevu, anauliza kwa heshima zote kama inaweza kumwita kaka. Mama Vigae alipiga mwenyewe. Akasema alikitazama kisanduku, mkono ukagoma, akatoka nje akampigia dada yake ambaye hawajasemezana tangu msiba fulani. Kisha akarudi, akauliza, "Sasa mwanangu, nibonyeze kipi?"

Bosi aliniita, akafunga mlango. Nilijua nimekwisha. Alifoka mpaka akaishiwa, halafu akasema siku ile nzima hakuna oda hata moja iliyofutwa kimakosa, maana kila mtu alisimama kwanza akasoma. Sijafukuzwa. Nimeambiwa nitafute maneno ya heshima yatakayomsimamisha mtu vile vile, na nimekuwa nikiyatafuta.

Ni hayo tu. Nilifikiri utacheka. Na nilitaka kujua, kama kingekutokea wewe, ungebonyeza kipi?

Chiriku


6 Juni

Chiriku,

Hii nimempa dereva wa basi aje nayo mkononi, posta siiwezi leo.

Nani kakuambia? Ni Bisibisi? Nilimwonya. Au ni shemeji yako, na hiyo redio yake? Niliposoma yale maneno kwenye barua niliketi juu ya rundo la mashuka. Nikasema amejua, na badala ya kunisema ananiuliza kwa mzaha kwenye kompyuta za watu. Nikakasirika. Nikasoma tena, nikaona hujui kitu, masikini, umeuliza tu. Basi nitakuambia mwenyewe.

Sisikii, Chiriku. Sikio la kulia limekwisha kabisa. La kushoto linachagua. Mtu akiwa mbele yangu namtazama mdomo, najazia mengine, na wasichana hapa wamezoea kuongea kwa mikono kwa hiyo hawajagundua. Bisibisi amegundua. Ile siku aliyosimama nyuma yangu alikuwa ananiita. Aliita mpaka akachoka. Ni hizi mashine, miaka yote hii sakafu ikitetemeka. Kwenye simu ndiyo kabisa, hakuna mdomo wa kutazama. Ndiyo maana nikazua mambo ya barua na salamu. Ningekuambiaje? Mimi ndiye niliyekuwa nasikia ukikohoa kutoka chumba cha pili.

Siku ile sikukukatia. Nilisikia unaongea, halafu sikusikia kitu, nikangoja, nikadhani laini imekatika, nikafunga. Ukapiga tena unapiga kelele. Kelele nilizisikia. Maneno sikuyasikia.

Sasa meza mate kwanza. Swali lako silijui. Silijui mpaka leo. Ulipong'ang'ania jibu niliona aibu kuuliza ulisema nini, nikakaa nikakisia. Mwaka jana ulitaja kwamba nyumba ya mama imekaa bure na kuna mtu anaitaka. Nikasema ndilo hilo, anataka tuiuze, na huyo anayesubiri ni mnunuzi. Nikakujibu hapana kwa ukali ili usirudie na kunibana. Kumbe, kwa barua yako hii ya ngazini, mtu hakai kwenye ngazi kwa sababu ya nyumba.

Wewe umekuwa ukiwacheka hao wanaobonyeza bila kusoma. Mimi ni mmoja wao, tena mkubwa wao. Nisamehe, mdogo wangu. Uliniuliza nini?

Dada


19 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu. Dereva alinikuta mlangoni. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimelia tena, na wa duka la miwani sasa ana hakika mimi si mzima wa akili.

Hakuna aliyeniambia. Bisibisi wako hana hatia, mpe chai.

Mimi nami nina akili gani? Redio, jirani, taa nyekundu, mlio ni kitu cha kupita. Uliandika yote, mimi nikakupa habari za vigae. Nilikuwa nimekukasirikia tu, na mtu akikasirika anasoma anachotaka.

Sasa tazama hapa chini. Nimechora kwa rula, na nimeandika makubwa kama ulivyoniagiza. Soma mpaka mwisho kabla hujagusa kitu.

DADA, NIMEPATA MTU. NI SEREMALA, ANA KARAKANA NDOGO NYUMA YA OFISI YETU, ALIKUJA KUTUTENGENEZEA MEZA AKAANZA KUKOSEA VIPIMO ILI ARUDI. TUNATAKA KUOANA MWEZI WA KUMI. WAZAZI WAKE WANATAKA KUJA KUMWONA MAMA YANGU. MAMA YANGU NI WEWE. UTAWAPOKEA, NA SIKU YENYEWE UTAKAA MAHALI PA MAMA?
[ Ndiyo ]   [ Hapana ]   [ Nieleze zaidi ]

Hicho cha tatu ni kipya, nimekibuni mimi, na Bosi amekikubali tukiweke kwenye programu. Mtu ambaye hakuelewa swali apate pa kubonyeza bila kuona aibu.

Na kuna cha pili:

DADA, UNAKWENDA KWA DAKTARI WA MASIKIO KABLA MWEZI HUU HAUJAISHA, NA SHEMEJI ANAKUSINDIKIZA.
[ Sawa ]

Umeona kuna kitufe kimoja. Nilifundishwa na Jenerali.

Chiriku wako


8 Agosti

Kwako Chiriku, mwanangu,

Marahaba, zote tatu. Shemeji yako anakusalimia kwa sauti kubwa isiyo na sababu, maana siku hizi hana haja ya kupiga kelele na hajazoea.

Nimechelewa kukujibu makusudi. Sikutaka kujibu nusu.

Nilibonyeza Sawa, sikuwa na pengine. Daktari ni msichana mdogo kama wewe, aliniweka kwenye kijichumba kimya, akanivalisha vitu vya masikioni, akasema nikisikia mlio ninyooshe mkono. Nilikaa humo nikangoja mpaka nikaanza kumwona mvivu. Kumbe alikuwa ameshapiga mingi. Nilipotoka machozi yalikuwa yananitoka na shemeji yako akajifanya anasoma tangazo ukutani. La kulia ndiyo basi tena. La kushoto amelipatia kifaa, kidogo kama punje ya haragwe.

Chiriku, dunia ina makelele. Bomba la jikoni linavuja na halijaanza leo. Viatu vyangu vinalia. Shemeji yako anakoroma, na miaka yote hii nilikuwa najisifu kwa watu kwamba nimeolewa na mtu mtulivu. Redio nimeishusha mwenyewe, bila kuambiwa.

Kazini nilikwenda kwa meneja na roho mkononi, nikamwambia kabla hajaambiwa. Nilidhani atanitoa. Akaniuliza ni wangapi wengine. Sikuwa nimefikiria kuna wengine. Tukawaita wasichana mmoja mmoja, na wawili walikiri kabla sijamaliza kuuliza, walikuwa wakijificha kama mimi. Sasa kila anayekaa karibu na ile ya kukamulia anavaa kinga za masikio. Bisibisi ameongeza taa kwenye kila mashine, kubwa, na chini ya kila taa ameandika kwa rangi maana yake. Herufi zake mbaya, lakini zinasomeka. Anasema wazo ni lake. Nimemwacha.

Wazazi wa seremala waje. Nyumba ya mama nimefungua madirisha, wasichana wa kazini wamekuja kunisaidia kufua mapazia, na shemeji yako anapaka rangi ukuta wa mbele huku akilalamika. Watakaa kule, wapumzike vizuri. Mlango wa mbele umetitia na haufungi, mwambie mchumba wako aje na randa yake na safari hii apime mara moja tu.

Karatasi yako ninairudisha. Nimeisoma mpaka mwisho, nikaisoma tena, shemeji yako akanisomea kwa sauti na nikamsikia. Utaona mahali nilipotia alama, kalamu imetoboa karatasi. Kwenye Nieleze zaidi nimetia pia, maana sijamaliza na huyo seremala.

Lakini barua za amri zimekwisha. Jumapili mchana nipigie simu. Nitakaa kiti cha dirishani, sikio la kushoto, redio imezimwa. Usiniambie kwamba nimeshajibu. Uliniuliza siku ile kwa mdomo wako na sikuwepo. Anza tangu mwanzo, uulize lote, polepole. Nataka kukusikia ukiuliza.

Dada yako,
Jenerali